Usiwatenganishe

Bweni la Tana, Shuleni,
Machakos.
Jumapili, 12 Februari 2006

Kwako Anti Peres,

Salamu. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, na masomo ya kidato cha kwanza yameanza. Nakuandikia wewe kwa sababu Baba atakuwa njiani na lori mpaka Malaba, na akirudi atalala siku mbili mfululizo. Njugu na Simsim hawawezi kumngoja.

Najua hukuwataka. Siku Baba alipowaleta, ile zawadi yangu ya kupita mtihani, nilikusikia jikoni ukimwambia, "Musembi, unanioa juzi, leo unaniletea panya?" Si panya. Ni hamsta. Panya anakuja mwenyewe nyumbani kwa watu, hamsta analetwa. Wakati huo wote wawili walikuwa wanaingia kwenye kiganja changu kimoja na nafasi inabaki.

Sasa tafadhali soma pole pole. Usiwaamshe mchana. Wanalala mchana na kuamka giza likiingia, na ukimshtua aliyelala atakuuma, halafu utasema ni mkali. Ukitaka kumshika, nawa mikono kwanza ili asisikie harufu ya chakula, kisha kaa chini sakafuni, usisimame, maana hawaoni mbali na anaweza kujirusha kutoka mkononi akavunjika mgongo. Usiwawekee pamba ya kulalia hata kama inaonekana laini. Nyuzi zake huzunguka mguu mpaka mguu unakufa. Weka karatasi ya choo iliyochanwachanwa juu ya maranda. Kizimba kisikae dirishani kwenye jua wala karibu na redio. Na paka wa Mama Shiku asiingie ndani hata siku moja.

La mwisho ndilo kubwa. Usiwatenganishe. Ni dada.

Ndanu Musembi


Dagoretti Corner,
Nairobi.
19/2/2006

Mpendwa Ndanu,

Barua yako nimeipata Ijumaa, nimeisoma mara mbili, nikaibandika kwa mlango wa kabati ili nisisahau. Asante kwa kuniandikia. Hata kama ni mambo ya hamsta tu, nimefurahi.

Ni kweli nilisema hivyo jikoni, sitakudanganya. Kwetu Yala nilikuwa naamka na kupata panya amekula pembe ya kitabu changu cha shule. Ule woga haujanitoka. Lakini najaribu. Juzi nilikaa sakafuni kama ulivyosema, nikafungua mlango wa kizimba, nikaweka mkono ndani na mbegu moja ya alizeti. Njugu akaja, akanusa kidole changu, akachukua mbegu akaificha shavuni kama mtu anaficha peremende kanisani. Nilicheka peke yangu mpaka Mama Shiku akabisha mlango kuuliza kuna nini.

Kuna jambo nikuambie. Lile gurudumu lao la kukimbilia ni la waya, na zile nyaya zimeachana sana. Jumatano nilimkuta Njugu mguu wa nyuma umeingia katikati, anavuta. Niliutoa kwa kijiti cha kiberiti. Haukuvunjika, anautumia vizuri. Kazini kwetu River Road hatukosi vipande vya karatasi ngumu baada ya kukata kadi za harusi, kwa hiyo nimekata mkanda na kufunika gurudumu lote kwa ndani. Sasa wanakimbia bila shida.

Kusafisha kizimba nimemwomba Shiku awe akinisaidia, maana harufu ya maranda yenye mkojo inanishinda siku hizi. Usijali, namsimamia.

Na je, ni kawaida wapigane? Jioni nasikia wanapiga kelele nyembamba, na leo Simsim ana kidonda kidogo sikioni.

Kula vizuri. Ukihitaji kitu niambie, si lazima kupitia kwa baba yako.

Wako,
Peres


Bweni la Tana,
Machakos.
26 Februari 2006

Kwako Anti Peres,

Asante kwa gurudumu.

Lakini sikukuomba Shiku. Shiku ana miaka tisa na anakimbia na kila kitu mkononi. Kama harufu inakushinda, sema tu unawachukia, nitaelewa. Mamangu alikuwa akisafisha matapishi yangu nilipougua, na hakumwita mtoto wa jirani. Ninajua ameshakufa na siyo vizuri kulinganisha. Nimelinganisha tu.

Hawapigani, wanacheza. Hata hapa bwenini wasichana wanasukumana, na hakuna anayeondolewa. Tafadhali usiwatenganishe. Wamelala pamoja tangu kuzaliwa, kichwa cha mmoja chini ya tumbo la mwingine. Hujui inavyokuwa mtu akilala peke yake mahali asipopajua, taa inazimwa na hakuna anayekuita kwa jina. Mimi nalala kitanda cha juu, karibu na mlango, kwa sababu waliofika kwanza walichukua vingine. Basi.

Ndanu


Dagoretti Corner.
5/3/2006

Ndanu mpendwa,

Siwachukii. Kuna sababu nyingine ya ile harufu kunishinda, na baba yako atakueleza mwenyewe ukifunga shule. Nimemwahidi nitamwachia yeye. Tafadhali nivumilie hapo.

Mimi nilisoma bweni pia. Nilipofika kidato cha kwanza waliniita jina la msichana aliyekuwa ametoroka shule, muhula mzima, eti nimefanana naye. Kwa hiyo jua najua kidogo. Kuna mtu hapo anakusumbua? Niandikie. Sitamwambia mtu kama hutaki.

Sasa nisikilize. Jana nilienda Ngara kwa mzee mmoja anaitwa Taib, wa kutoka Mombasa, ana duka la chakula cha ndege na kuku, na ndiye aliyemuuzia baba yako wale wawili. Nilimweleza vile wanalia na vile sikio limechanika. Hakuniacha nimalize.

"Bado wako pamoja?" akaniuliza.

"Ndiyo. Ni dada."

"Mama, hawa wakiwa wachanga hulala rundo moja, hapana neno. Wakishakomaa, kila mmoja ataka kwake. Udugu wameshausahau. Wakiwa porini, yule mdogo angekimbia. Hapo kizimbani akimbilie wapi?"

Nikamwambia mwenye hamsta ni mtoto, na hataki watenganishwe. Akaniangalia vile watu wanaangalia mtu mpumbavu, lakini kwa heshima. Akasema niangalie tumbo na makalio, huko ndiko wanaumana, na niangalie kama mmoja anajibanza pembeni hali, au anatafuna nyaya za kizimba bila kuacha. Ndanu, Simsim anatafuna nyaya. Amekuwa mwembamba.

Nimenunua kizimba cha pili. Kiko juu ya kabati, sijakitumia. Ni wako hawa, na sitaki ufunge shule ukute nimeamua mambo nyuma ya mgongo wako. Nipe ruhusa tu, hata kwa mstari mmoja. Nitaviweka vizimba viwili karibu karibu kama utapenda.

Wako,
Peres


Bweni la Tana.
10 Machi 2006

Anti Peres,

Nimesema hapana. Yule mzee anataka kuuza vizimba. Wakitenganishwa watakufa kwa upweke na itakuwa ni wewe umewaua.

Hakuna mtu ananisumbua.

Ndanu


Nairobi.
18/3/2006

Ndanu,

Nisamehe, mwandiko si mzuri, naandikia kitandani.

Simsim amekufa. Sijui njia nyingine ya kukuambia.

Jumanne nilitoka kazini mapema sababu sikuwa najisikia vizuri. Nilipofungua mlango kulikuwa kimya, na hata gurudumu halikuwa linazunguka. Njugu alikuwa amekaa katikati ya kizimba. Simsim alikuwa pembeni nyuma ya bakuli la maji, tumboni amefunguka, lakini anapumua. Nilimtoa kwa leso, nikamweka kwenye katoni ya viatu na matundu juu. Njugu nikamhamisha kile kizimba kingine. Nilifanya bila ruhusa yako, wakati ulikuwa umeshapita.

Nilimpeleka kwa Mzee Taib. Mvua ilikuwa imeanza na magari yalikuwa yamekwama mjini, kwa hiyo nilitembea kutoka barabara ya Tom Mboya mpaka Ngara, katoni ndani ya koti. Nilikuwa namsikia akijigeuza, halafu nikaacha kumsikia. Mzee alimsafisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akajaribu kumpa tone la maji na sukari. Alikufa pale juu ya kaunta, kwenye gazeti. Mzee akasema, "Pole, mama. Keti kwanza, rangi yako si nzuri."

Tumemzika nyuma ya ploti, Shiku na mimi, karibu na tangi.

Ilikuwa barua yako ya tarehe kumi imefika siku moja kabla. Siandiki hivyo kukulaumu. Mtu mzima hapa ni mimi. Ningeweza kuwatenganisha wiki mbili nyuma na ukasirike, ukasirike tu. Nilitaka unipende kidogo, ndiyo sababu sikufanya.

Njugu ni mzima.

Peres


Bweni la Tana.
22 Machi 2006

Peres,

Ulikuwa unangoja hilo. Tangu siku ya kwanza uliwaita panya. Umemwacha akafa halafu unaniandikia kwamba ni barua yangu, na unasema huandiki kunilaumu.

Baba alisema utakuwa kama mama kwangu. Wewe si mama wa mtu yeyote. Kama viumbe wawili wadogo hivyo wamekushinda, naomba Mungu asikupe mtoto kamwe, kwa sababu hata huyo atafia mikononi mwako.

Usiniandikie tena.

Ndanu Musembi, binti ya marehemu Syokimau Musembi


Dagoretti Corner,
Nairobi.
Jumapili, 2 Aprili 2006

Mwanangu Ndanu,

Mimi si mtu wa kuandika. Unajua hata kadi za Krismasi alikuwa akiandika mama yako, mimi natia sahihi. Lakini hili siwezi kukuambia siku ya kuja kukuchukua, mbele ya wazazi wa wenzako.

Peres alikuwa na mimba, karibu miezi minne. Ilitoka usiku wa ile Jumanne aliyokwenda Ngara. Nilikuwa Eldoret na lori. Mama Shiku ndiye aliyempeleka hospitali. Alilazwa siku tatu, na ile barua ya kukueleza habari za Simsim aliiandika siku ya pili ya kurudi nyumbani.

Daktari alimwambia si mvua na si kutembea. Alisema hata angelala kitandani mwezi mzima ingetoka tu, na wala hakukuwa na kosa la mtu. Namuamini daktari. Sijui kama Peres anamuamini.

Barua yako ilikuja Jumatatu iliyopita. Nilikuwa nyumbani. Aliifungua amesimama pale mlangoni, nikamwona anasoma, nikauliza, "Mtoto anasemaje?" Alinipa karatasi, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo. Niliisoma. Kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe nilitaka kukupiga, na hukuwa karibu, na nashukuru hukuwa karibu.

Halafu nikakumbuka kwamba hukujua, na aliyefanya usijue ni mimi. Alitaka kukuambia tangu Februari. Nilimkataza. Nilisema, mtoto amempoteza mama, ameletewa mama mwingine, tena umwambie kuna mtoto mwingine? Ngoja azoee. Vilevile nilidhani nikikununulia wale wanyama nitakuwa nimemaliza kazi yangu, na ninyi wawili mtazoeana huku mimi niko barabarani. Hamkuzoeana. Niliwaacha ndani ya nyumba moja nikaenda zangu.

Amekwenda kwa mama yake, Yala. Simu yake ameizima. Sijui kama anarudi.

Nitakuja kukuchukua Ijumaa. Usilie mbele ya watu. Tutalia nyumbani.

Baba yako,
Musembi


Dagoretti Corner.
11 Aprili 2006

Kwako Anti Peres,

Ulikuwa na haki ya kuchana barua hii bila kuifungua. Kama umefika hapa, asante.

Sikujua. Najua hilo si jibu. Hata kama hungekuwa na mimba, yale si maneno ya kumwandikia mtu. Niliyaandika nikiwa chooni kwa sababu ndiko mahali pekee ambapo mlango unafungwa, na nilipoyamaliza nilisikia raha kama mtu aliyetapika. Raha hiyo ilikaa wiki mbili hivi. Barua ya Baba ilipokuja nikaisoma ofisini kwa matroni, nikairudia tangu mwanzo.

Uliniuliza kama kuna mtu ananisumbua, nikasema hakuna. Yupo, anaitwa Debra. Wanamwaga maji kitandani kwangu halafu wanamwambia monita nimejikojolea. Kila usiku nilikuwa nawaza, angalau nyumbani kuna wawili wanaolala pamoja. Nilitaka hilo liwe kweli kuliko nilivyotaka wawe salama. Uliponiandikia kwamba wanaumana, sikuweza kukuamini, kwa sababu ningekuamini wewe ningebaki na nini.

Jumamosi nilikwenda Ngara na Baba. Mzee Taib alimkumbuka Baba, na akajua mimi ni nani kabla sijasema jina. Nilimuuliza, "Angepona kama angetenganishwa mapema?" Nilitaka aseme hapana. Akasema, "Naam, angepona." Kisha akaongeza, "Mama yako alisimama hapo na maji yamtiririka, ashikilia katoni kama mtu abebaye mtoto. Mimi nimeuza wanyama miaka thelathini, sijamwona mtu aja mbio vile kwa ajili ya hamsta." Sikumsahihisha aliposema mama yako.

Njugu yuko peke yake na ametulia. Nilidhani atamtafuta mwenzake. Hatafuti. Anakula, anachimba maranda, analala vizuri. Namwangalia nakasirika, kisha nakumbuka hana kosa, alikuwa amebanwa mahali padogo.

Nyumba iko kimya sana. Baba anapika ugali unaobaki unga katikati, na tunaula.

Sikuombi urudi. Naomba tu ujue kwamba najua.

Ndanu


Dagoretti Corner.
18 Aprili 2006

Kwako Anti Peres,

Hujajibu, na sitakusumbua baada ya hii.

Nimemwomba Baba ruhusa nije Yala Jumamosi ya tarehe 29, kabla shule hazijafunguliwa. Yeye hawezi kuja, ana mzigo wa Kampala. Nadhani pia anaogopa. Njugu sitamleta. Mtikisiko wa basi na kelele za siku nzima vinaweza kumuua kwa hofu hata bila kidonda. Atabaki kwa Mama Shiku, juu ya friji, paka amefungiwa nje. Nimemfundisha Shiku kukaa sakafuni.

Sijui kwenu ni upande gani. Nitashuka Kisumu na kuuliza. Kama hutaki kuniona, mtume mtu aniambie, nitarudi na basi litakalofuata. Nataka tu niseme nikiwa mbele yako yale niliyoyaandika nikiwa mbali, ili kama ni kunipiga unipige, kama ni kunifukuza unifukuze.

Baba alisema mtoto alikuwa hajapewa jina. Kila siku namuwaza kama mtu niliyemfungia mlango.

Ndanu


Yala.
24/4/2006

Ndanu,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Posta ya huku mwalimu mmoja ndiye huleta, akikumbuka.

Usishuke Kisumu. Kisumu ni mbali na huku na utapotea. Panda basi la asubuhi mapema linaloenda Busia, si la usiku, umwambie kondakta mapema kwamba unashuka Yala. Ukishuka utaona duka la dawa lenye mlango wa kijani. Kaa hapo kwenye baraza. Usivuke barabara, malori hushuka ule mteremko kwa kasi. Mtu akikuambia nimemtuma, usimfuate. Sitatuma mtu.

Ile barua yako ya kwanza ya msamaha niliisoma nje, nikimenya mahindi. Nilingoja nilie, sikulia, nikaendelea kumenya. Hilo limenitisha kuliko lile ulilosema Machi. Kwa hiyo sitakuahidi kitu. Sijui nikikuona uso utakuwa mtoto niliyetaka anipende, au utakuwa ule mwandiko. Mama yangu anajua ulichoandika, nilimtafsiria neno kwa neno, na yeye si mtu wa kusahau upesi. Usitegemee akukumbatie. Akikupa chakula, kula.

Kuhusu huyo Debra, nimemwandikia mwalimu mkuu jana. Nilisema nitaficha na sikuficha. Mara hii sikungoja ruhusa yako.

Basi hilo hufika jioni, jua likiwa linazama, na mbu wa pale kituoni ni wengi. Vaa sweta ya mikono mirefu. Nitakuwa kwenye baraza kuanzia saa kumi.

Peres